Atakumbuka Nini? Vidokezo 11 kwa Anayempeleka Mtoto Mdogo Disney

Tiketi zimelipwa, mabegi yamefungwa, na kwenye kundi la familia la WhatsApp shangazi mmoja hakosi kuuliza: "Sasa huyo wa miaka mitatu atakumbuka nini? Si mngengoja akue?" Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Marekani na Kanada zimeshalisikia swali hilo, na nyingine zimelisikia zikiwa uwanja wa ndege.

Jibu fupi ni hili: mtoto atakumbuka mengi kuliko shangazi anavyodhani, na atasahau mengi kuliko mzazi anavyotarajia. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Nina Hamond na Robyn Fivush, walichapisha utafiti kuhusu watoto 48 waliopelekwa Walt Disney World, Florida, wakiwa na miaka mitatu au minne. Nusu yao walihojiwa miezi 6 baada ya safari, nusu nyingine baada ya miezi 18. Wote walikuwa na ya kusimulia, na waliokaa mwaka na nusu hawakuachwa nyuma na wenzao. Wa miaka minne walieleza kwa kirefu, wa mitatu walihitaji kuulizwaulizwa. La kuvutia zaidi ni kwamba watoto ambao safari yao ilizungumzwa mara nyingi nyumbani ndio waliokumbuka zaidi.

Shika hilo la mwisho, maana vidokezo vyote vinavyofuata vinaliegemea. Tiketi inakuingiza getini tu. Kumbukumbu ya mtoto mdogo hujengwa kwa maongezi, na sehemu kubwa ya maongezi hayo hufanyika mkisharudi nyumbani.

1. Chagua umri kulingana na unachokitaka

Kwenye bustani za Disney za Marekani, mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi. Kuanzia miaka 3 hadi 9 analipiwa tiketi ya mtoto, na akifika 10 anahesabiwa mtu mzima. Ndiyo maana wazazi wengi hukimbizana na siku ya kuzaliwa ya tatu. Kwa mfuko ni hesabu nzuri. Kwa kumbukumbu, hesabu ni nyingine.

Watu wazima wengi wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, hutaja la umri wa miaka mitatu au minne. Ya kabla ya hapo ni giza. Wanasaikolojia hali hiyo wanaiita usahaulifu wa utotoni, na Sigmund Freud aliandika juu yake zaidi ya karne moja iliyopita. Kinachowashangaza wazazi ni kwamba usahaulifu huo hauji mara moja. Mwaka 2014 Patricia Bauer na Marina Larkina wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 83 walioanza kurekodiwa wakiwa na miaka mitatu, wakizungumza na wazazi wao juu ya mambo waliyoyapitia. Waliohojiwa tena wakiwa na miaka 5 hadi 7 bado walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya mambo hayo. Waliohojiwa wakiwa na miaka 8 au 9 walibaki na karibu asilimia 35.

Maana yake, mtoto wa miaka sita anaweza kukusimulia safari ya utotoni mwake, halafu akifika darasa la tatu akakukodolea macho. Kwa hiyo, ukitaka akumbuke hadi ukubwani, miaka mitano hadi saba ni umri mzuri zaidi. Ukitaka kumwona akipiga makofi leo, nenda hata na wa mwaka mmoja, mradi usimdai kumbukumbu baadaye.

2. Mtajie kitu wakati anakiangalia

Hiki ndicho kidokezo ambacho wengi hawakijui. Mwaka 2002 Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwaonyesha watoto wa miaka miwili hadi mitatu na kidogo mashine ya ajabu: unaingiza mwanasesere mkubwa, unazungusha mkono wa mashine, anatoka mwanasesere yuleyule akiwa mdogo. Miezi 6 au mwaka mmoja baadaye waliwarudia. Watoto walionyesha kwa vitendo kwamba hawajasahau. Ila walipoulizwa waeleze kwa mdomo, hawakutumia maneno ambayo hawakuwa nayo siku ile, hata kama tangu hapo walikuwa wameshajifunza. Jambo lililoingia akilini bila maneno lilibaki bila maneno.

Basi usimbebe mtoto kimyakimya kutoka mchezo hadi mchezo. Mkiingia kwenye vile vikombe vikubwa vinavyozunguka, sema: "Tumekaa ndani ya kikombe! Kikombe cha chai! Sasa kinazunguka, shika usukani." Mkimpanda Dumbo, sema ni tembo, ana masikio makubwa, tunapanda juu, tunashuka chini. Watu kwenye foleni watakuona mwenye maneno mengi. Waache, kila mtu amelipa tiketi yake.

3. Usishangae akianza na lifti ya hoteli

Umetumia akiba ya miaka, umesimama foleni juani, umemwonyesha kasri la Cinderella likimeremeta kwa fataki. Bibi anapiga simu: "Haya mjukuu wangu, umeona nini?" Mtoto anajibu: "Nimebonyeza kitufe cha lifti."

Robyn Fivush na Nina Hamond waliwahi kumuuliza mtoto wa miaka miwili na nusu habari za safari ya kulala kwenye hema. Hakueleza hema wala msitu. Alieleza kwamba walikula chakula cha jioni, wakalala, wakaamka, wakala tena. Kwa mtoto wa umri huo, siku bado ni fumbo, na anachokishika kwanza ni kile kinachomsaidia kuifahamu: kula, kulala, kuoga, kufunga mlango. La ajabu linakuja juu ya msingi huo, na linakuja polepole kadiri anavyokua.

Kwa hiyo lifti ichukue kama mlango wa kuingilia. Bibi aseme: "Ehee, lifti! Ikakupeleka wapi? Mlango ulipofunguka ukaona nini?" Hapo ndipo utashangaa kuona kasri linajitokeza lenyewe.

4. Mambo mawili kwa siku yanatosha

Walt Disney World ina bustani nne: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Mzazi mwenye ratiba ya saa kwa saa anaweza kumburuta mtoto kote huko ndani ya siku nne. Mwishoni mtoto amepanda kila kitu na hana alichokishika.

Sababu inajulikana. Mambo yanayofanana yakirudiwa, akili huyaunganisha yakawa jambo moja la jumla: "huwa tunapanga foleni, tunakaa, tunafungwa mkanda, tunazunguka." Linalobaki peke yake ni lile lisilofanana na mengine. Chagua basi mambo mawili makubwa kwa siku, tena ya aina tofauti: asubuhi mchezo mmoja, jioni gwaride. Katikati mrudishe hotelini alale. Usingizi wa mchana huo si kupoteza muda wa tiketi, kwani mtoto aliyechoka haangalii anachoonyeshwa.

Na akitaka kurudia vikombe mara tatu, mwache arudie. Kupenda kitu kimoja hadi kikolee ni haki yake.

5. Akimwogopa Mickey, usimsukume

Kwenye katuni Mickey Mouse anaenea kwenye kiganja. Ana kwa ana ni mtu mzima mwenye kichwa kikubwa kuliko meza, hasemi, hapepesi macho, na anakuja na mikono wazi. Mtoto wa miaka miwili akilia ana hoja.

Kinachofanya wengi waharibu ni ile hamu ya picha: foleni imekuwa ndefu, mpiga picha anasubiri, mtoto anasukumwa mbele huku akipiga mayowe. Jambo lenye hofu kali huganda kirahisi, na usije ukashangaa safari nzima ikibaki na jina moja: "siku ile panya alitaka kunikamata." Mwache amwangalie kwa mbali. Chuchumaa naye, mpungieni mkono pamoja. Akitaka kusogea atasogea, asipotaka mmepiga picha ya kupunga mkono na mambo yameisha.

Vivyo hivyo kwa michezo ya gizani na ya kasi. Pale Florida, Space Mountain inataka mtoto awe na kimo cha sentimita 112, na kijiti cha kupimia kimesimama mlangoni. Mtoto kufikia kimo hicho hakumaanishi yuko tayari. Muulize mwenyewe.

6. Simu irudi mfukoni mara kwa mara

Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwatembeza watu kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wakivipiga picha, vingine wakivitazama tu. Kesho yake walivikumbuka vizuri zaidi vile walivyovitazama bila kamera. Ni kama akili ilisema: simu imeshika, mimi nipumzike. Lakini walioambiwa wasogeze kamera karibu wapige sehemu moja tu ya kitu hawakupata hasara hiyo.

Hao walikuwa watu wazima, na hilo ndilo linalokuhusu wewe. Msimulizi mkuu wa safari hii ni mzazi. Ukirudi na picha elfu moja na kichwa kitupu, utamsimulia nini mwanao? Kaa na kanuni rahisi: kwa kila mchezo, picha mbili, tena za karibu. Mkono wake ulioshika usukani wa kikombe. Kiatu chake kimoja kilichovuka mguuni. Picha za namna hiyo baadaye huzaa maswali, wakati picha ya familia nzima imesimama mbele ya kasri huzaa "nilikuwa mdogo eeh?" basi.

7. Jifunze kuuliza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo palipo rahisi kuliko pote maana hapalipiwi. Watafiti kama Fivush na Elaine Reese wameona wazazi wana mitindo miwili ya kuzungumza na watoto juu ya yaliyopita. Msikilize mzazi wa kwanza:

"Ulipanda nini kule?"
"Tembo."
"Na nini kingine?"
"Sijui."
"Si ulipanda farasi? Umesahau farasi?"
Kimya. Mtoto ameona ni mtihani, na amefeli.

Sasa wa pili:

"Unamkumbuka yule tembo?"
"Eeh."
"Tulipofika juu kabisa, ukamwona nani chini?"
"Baba."
"Baba alikuwa anafanya nini?"
"Ameshika puto langu."
"Ehee! Puto jekundu. Likataka kuruka, baba akafanyaje?"
"Akalifunga kwenye kigari!"
"Wewe ukajisikiaje?"
"Nikacheka."

Mzazi wa pili, akishafungua mazungumzo, anauliza maswali ambayo hayajibiki kwa ndiyo au hapana. Akipata jibu analipokea, analiongezea kidogo, anarudisha mpira kwa mtoto. Anauliza pia moyo ulikuwaje, si macho yaliona nini tu. Wazazi waliofundishwa kuzungumza hivi walikuja kuwa na watoto wanaokumbuka na kusimulia vizuri kuliko wa wenzao ambao hawakufundishwa.

Na si jambo la nyumba moja moja. Mwaka 2000, Hayne na wenzake wa Otago waliwauliza watu wazima wa New Zealand kumbukumbu yao ya kwanza. Wamaori walitaja mambo ya umri wa miezi 33 hivi kwa wastani. Wenye asili ya Ulaya walitaja ya miezi 43 hivi, na wenye asili ya Asia karibu miezi 58. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Wamaori huyapa ya zamani uzito mkubwa katika malezi, na watoto hukua wakisikia habari zao na za wazee wao zikisimuliwa. Nyumba yenye bibi mpenda hadithi ina mtaji mkubwa kuliko inavyojua.

Fanya lini? Wakati wa kuoga, wakati wa kula, kwenye gari. Dakika tano zinatosha. Anza wiki ileile mliyorudi, urudie mwezi unaofuata, halafu kila mnapogusia jambo linalofanana.

8. Siku mliyoiishi kwa Kiswahili, isimulieni kwa Kiswahili

Wanaolea watoto ughaibuni wasikilize hapa. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwahoji vijana wahamiaji wanaozungumza Kirusi na Kiingereza. Walipohojiwa kwa Kirusi, yalikuja mambo mengi zaidi waliyoyaishi kwa Kirusi. Walipohojiwa kwa Kiingereza, yakaja ya Kiingereza. Lugha huita kumbukumbu zilizoingia nayo.

Kama kwenye vikombe mlipiga kelele kwa Kiswahili, basi jioni zungumzeni kwa Kiswahili, hata kama mtoto anachomekea Kiingereza cha shule. Tena pale Animal Kingdom utapata msaada usioutarajia. Kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, kimejengwa kwa sura ya mji wa kale wa pwani yetu, Lamu ikiwa mojawapo ya mifano iliyoangaliwa. Vibao vina maneno ya Kiswahili. Duka la vinywaji na aiskrimu linaitwa Tamu Tamu, kuna soko la Mombasa, na gari la Kilimanjaro Safaris linakupitisha kati ya twiga na viboko walio hai. Mzaliwa wa Columbus, Ohio, ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya mama na simu za Jumapili tu, anakikuta kimeandikwa ukutani mbele za watu. Msomee vibao hivyo kimoja baada ya kingine. Anunuliwe aiskrimu pale Tamu Tamu, halafu bibi wa Tanga aelezwe kwa simu ilikuwa na ladha gani.

9. Msaidie kukumbuka, usimpandikizie

Kuna mstari mwembamba kati ya kumkumbusha na kumtungia. Mwaka 2001 Jacquie Pickrell na Elizabeth Loftus wa Chuo Kikuu cha Washington waliwapa watu wazima tangazo la uongo la Disneyland lililoeleza jinsi mtoto alivyokutana na Bugs Bunny na kushikana naye mkono. Baadaye karibu theluthi moja ya waliolisoma walisema nao walikutana naye, wakati ni jambo lisilowezekana: sungura huyo ni mali ya Warner Bros., na Disney haiwezi kumwalika hata kwa chai.

Kama mtu mzima anabebwa hivyo, wa miaka minne hata usiseme. Ukimwambia kila mwezi "ulilia ulipomwona Goofy", baada ya mwaka atakueleza hadi machozi yalivyotiririka, hata kama aliyelia alikuwa binamu yake. Kwa hiyo uliza kabla ya kusema. Usipokuwa na hakika, sema "nadhani". Ndugu wawili wakibishana nani alidondosha aiskrimu, tafuta picha kabla ya kutoa hukumu.

Tahadhari moja kwa wenye ndugu Ghuba: mtoto akisisitiza kwamba alimwona Bugs Bunny kweli, muulize kwanza safari gani anayoisema. Warner Bros. World ilifunguliwa kisiwani Yas, Abu Dhabi, mwaka 2018, na huko sungura yupo kihalali kabisa.

10. Mrekodi, kisha chapisheni picha

Ndani ya wiki ya kwanza, mwekee simu arekodi sauti yake akisimulia. Usimsahihishe. Akisema kasri lilikuwa refu kuliko mwezi, liache hivyo. Andika tarehe na umri wake. Mwaka unaofuata mrekodi tena, usimsikilizishe ya kwanza hadi amalize. Mtacheka nyote, na utakuwa umehifadhi kitu ambacho hata yeye mwenyewe akifika miaka tisa huenda hatakuwa nacho.

Picha nazo zisibaki zimezikwa kwenye simu. Chapisha kumi au kumi na tano, ziweke kwenye albamu ndogo anayoweza kuifunua mwenyewe bila kuomba nywila ya mtu. Weka na takataka zake: ramani ya bustani, kipande cha tiketi, kijiti cha aiskrimu. Mtoto anayeweza kushika kitu mkononi huanzisha maongezi yeye mwenyewe, na hayo ndiyo yanayodumu.

11. Akisahau yote, usihesabu hasara

Simulizi ya Walt Disney mwenyewe inafahamika. Alikuwa akiwapeleka mabinti zake, Diane na Sharon, kwenye bembea ya farasi ya Griffith Park, Los Angeles. Wao wanazunguka, yeye amekaa benchi anakula karanga, anawaza: kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja? Disneyland ikafunguliwa Anaheim, California, Julai 17, 1955. Wazo la mwanzo lilikuwa kumtoa mzazi kwenye benchi.

Hilo bado ndilo linalopatikana hata kwa mtoto mchanga. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha picha za ubongo zinazoonyesha kwamba mtoto wa mwaka mmoja hivi huanza kuhifadhi alichokiona, kwa kutumia sehemu ileile ya ubongo ambayo mtu mzima huitumia kwa kumbukumbu. Inawezekana shida iko zaidi kwenye kuzitoa kumbukumbu baadaye kuliko kwenye kuziweka. Lakini hata ukiiacha sayansi pembeni, siku ambayo baba alizima simu ya kazi, mama akavua viatu na wote wakalowa kwenye mchezo wa maji ina faida yake siku hiyohiyo. Nanyi wakubwa mtaikumbuka.

Usikope kwa ajili ya hili, basi. Kanuni zote hapo juu hufanya kazi vilevile kwenye bembea za Idi pale Kariakoo, Unguja, au kwenye mabomba ya kuteleza ya bustani ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam: taja vitu kwa majina, chagua machache, usimsukume, piga picha za karibu, uliza maswali mazuri na rekodi sauti. Kama tiketi za Florida zimeshalipwa, nendeni salama. Kama hazijalipwa, anzeni na Jumapili hii, mahali pa karibu, halafu jioni muulize alimwona nani alipofika juu kabisa.